Kifuniko na Nyongeza Yake

Mimi niliishia darasa la nne, na hilo silifichi. Lakini kupima najua. Nimeuza maziwa Ihanja tangu nina mimba ya mwanangu wa kwanza. Ukishampimia mtu lita yake, unamimina tena kidogo juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Kupima bila nyongeza ni kumfukuza mtu kwa adabu.

Mjukuu wangu huyu nimemlea mwenyewe. Mama yake aliniachia hajaanza kusimama, na aliposimama nikaona miguu imepinda kama upinde. Matege. Shangazi zake wakaniambia nimvalishe magauni marefu. Mimi nikamtoa juani kila asubuhi, matako wazi, nikamlisha maziwa na dagaa wa kusaga, na kila kikombe na nyongeza yake. Leo anatembea kama yuko kwenye gwaride. Daktari alisaidia, Mungu alisaidia, lakini kikombe nilishika mimi.

Sasa anafundisha sekondari mjini, anakaa Utemini. Pale sebuleni ambapo wenzake wanaweka kabati la vyombo, yeye ameweka tangi la kioo lenye maji ya chumvi. Chumvi yenyewe ananunua ya mfuko.

"Mke mwenzangu," nilimtania, "ziwa la chumvi liko hapo nyuma ya nyumba, unanunua chumvi ya nini?"

"Chumvi ya ziwa letu siyo ya bahari, Bibi. Itayaua."

Alikuwa anazungumzia matumbawe yaliyomo humo tangini. Mimi nilidhani ni mawe ya urembo. Kumbe ni wanyama wadogo wadogo wameshikamana, wanajijengea mfupa, na mfupa unataka kalsiamu. Hapo nilimwelewa kuliko walimu wenzake wote. Kuku akikosa chokaa hutaga yai laini. Mtoto akikosa, miguu inapinda.

Alikuwa na moja analolipenda, lenye matawi ya zambarau. Alilipata kwa mtu anayeyakuza Dar, kipande kama ncha ya kidole. Amelitunza miaka miwili mpaka likawa kama ngumi.

Alipoitwa semina Dodoma siku nne, mimi nikaja kulinda nyumba. Akanionyesha chupa mbili. Ya kifuniko chekundu ni kalsiamu, kifuniko kimoja asubuhi. Ya bluu ni dawa nyingine, jamii ya magadi, kifuniko kimoja jioni.

"Zisikutane, Bibi. Na usizidishe."

"Unamfundisha kupima muuza maziwa?"

Siku ya kwanza nilimimina kifuniko kimoja, na mkono ukaongeza wenyewe. Siku ya pili vilevile. Matumbawe yalikuwa yametanuka vizuri, nikasema moyoni, mtoto huyu alikuwa anayanyima.

Siku ya tatu asubuhi nilikwenda msibani mtaa wa pili, nikarudi jioni. Chekundu sijatoa. Sasa ng'ombe akikosa pumba asubuhi, si unampa jioni? Nikamimina chekundu, nikamimina bluu juu yake, kona ileile, kila moja na nyongeza, tena ya kushiba.

Maji yakageuka. Yalianza kama moshi, mara tangi zima jeupe kama maji ya chokaa ya kupaka ukutani. Sikuona samaki wala tawi la zambarau. Nikakaa sakafuni.

Jirani akaingia kurudisha kinu. Akasimama.

"Bibi, siku hizi maziwa mnauzia kwenye kioo?"

Sikucheka. Nilikuwa natafuta uongo. Umeme Utemini unakatika, ningesema umekatika, angeamini. Lakini ng'ombe amekula sumu, wewe unamwambia daktari ameumwa na nyuki, atamponyaje? Nikapiga simu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Tangi lako limekuwa chokaa."

"Umeweka zote mbili?"

"Zote. Na nyongeza."

"Nyongeza gani?"

"Ya kwangu."

Nilimsikia anavuta pumzi. Nilimngoja anifokee, hakunifokea. "Usiongeze kitu kingine. Pampu iache iwake. Jikoni kuna pipa la maji ya chumvi, yako tayari. Toa ndoo mbili kwenye tangi, urudishe mbili za pipa, pole pole. Usibebe mwenyewe, mgongo wako."

Jirani akabeba, yuleyule aliyenitania maziwa. Mimi nilichota kwa kikombe.

Asubuhi maji yalikuwa yameanza kuonyesha, na unga mweupe umeganda kwenye kioo na kwenye pampu. Samaki wazima. Lile la zambarau lilikuwa limejikunja lote, na tawi moja limebaki mfupa mtupu.

Aliporudi hakushusha hata begi. Alipiga magoti mbele ya kioo, akatazama muda mrefu.

"Tawi moja limekufa," alisema.

"Niliona kipimo chako ni cha uchoyo."

"Najua, Bibi."

"Nimeharibu. Na nusura nikudanganye kwamba umeme ulikatika."

"Umeharibu tawi. Ungeniambia ni umeme, ningeshughulika na pampu, nikazidisha dawa, yakafa yote." Akalikata lile tawi kwa koleo, akalifunga kwenye karatasi. Aliona uchungu, nilimwona. Hakunificha.

Siku tatu tulilitazama kabla ya chai na baada ya chai. Siku ya nne lile lililobaki likatoa vinyweleo vyake tena. Akaniletea chupa ya kifuniko chekundu na bomba la sindano lisilo na sindano, amelichora mstari kwa rangi ya kucha.

"Leo pima wewe."

Nikavuta mpaka mstarini. Nikadondosha pole pole mbele ya pampu kama alivyonionyesha. Lilipokwisha, bomba lilibaki mkononi na chupa iko wazi pale mezani.

"Imetosha, Bibi."

"Nimesema kitu?"

Nikafunga kifuniko, nikairudisha chupa mahali pake. Halafu nikamtilia chai ya maziwa, nikajaza kikombe, nikaongeza mpaka ikamwagika kwenye sahani. Akainua sahani, akainywa kwanza ile ya sahani.