Chifu Hapangi Laini

Mimi ni naibu wa chifu upande wa Bumula, na kwa miaka mingi nimekuwa mkulima wa mahindi kwa lazima. Nilikodi kipande cha shamba huko Kwanza, mbele ya Kitale, na si kwa sababu napenda jembe. Silipendi hata kidogo. Dawa zangu za virusi vya UKIMWI nilikuwa nachukulia kliniki moja mjini Kitale, na mtu wa serikali hawezi kupotea siku nzima bila sababu. Ukisema umeenda kuangalia mahindi, hakuna anayekuuliza swali la pili. Watu wengi wa Bungoma wana shamba la kukodi Trans-Nzoia.

Lakini uongo wa shamba una kazi yake. Lazima upande, upalilie, urudi na gunia watu walione. Mwaka mmoja mvua ilikataa, nikanunua mahindi sokoni Kitale nikayaleta kama yangu. Akina mama wa soko walinitania: "Chifu, hayo mahindi yako huvunwa mwaka mzima?" Nikawajibu ati huko juu hewa ni tofauti. Huku kwetu naibu wa chifu anaitwa chifu tu, hilo neno la mbele hakuna aliye na muda nalo.

Sasa, kwa nini sikuchukulia dawa hapa nyumbani, na zahanati iko karibu hivi kwamba nikikohoa ofisini wananisikia? Ni kwa sababu ya aliyenitangulia kwenye kiti. Alikuwa mtu wa haki, mkali kidogo, na sauti yake ilitosha baraza zima bila kipaza sauti. Alipoanza kukonda, watu walinong'ona, kisha wakaacha kuja. Hawakumtukana. Waliacha tu kumletea kesi. Mwenye ugomvi wa shamba alivuka kwenda kata ndogo jirani, na wapikaji wa chang'aa, ile pombe haramu, wakatoa mitungi yao mtoni wakaileta kando ya barabara, maana nani angewauliza? Naye akaona haya. Barazani hakuja, hospitalini hakwenda, akafia nyumbani. Mazishini tulisema aliugua kwa muda mfupi, na sisi ndio tuliomwangalia akiugua miaka.

Kiti kilikaa bure muda mrefu. Watoto walizaliwa bila mtu wa kuwaandikia barua ya cheti. Wajane walinyang'anywa mashamba yao, yakalimwa mpaka mlangoni. Mahali serikali haipo, mwenye panga ndiye serikali. Hayo yote niliyaona nikiwa mwalimu wa chekechea, na nilipopewa kile kiti niliapa kwamba yangu hayatajulikana.

Basi kila siku ya kliniki mlango wangu ulikuwa na kufuli. Watu walikuja na matope miguuni, wakaangalia kufuli, wakarudi. Binti mmoja alikuja tena na tena kwa barua ya kitambulisho tu. Nilijua. Iliniuma, na bado nilienda Kitale.

Mwaka huu wafadhili wakafunga mkono. Nilifika Kitale nikakuta chumba chetu kimefungwa, viti vimerundikwa kwenye korido. Muuguzi aliyenihudumia miaka yote alikuwa anapakia vitu kwenye katoni.

"Mama, hapa tumemaliza," akasema. "Kila mtu sasa achukulie karibu na kwake."

"Karibu na kwangu haiwezekani. Mimi ndiye chifu huko."

Alikata utepe wa gundi kwa meno, akaubandika kwenye katoni. "Basi chifu pia ameze dawa," akasema, na akanipa barua ya uhamisho pamoja na vidonge vya kunisukuma mpaka Jumanne.

Sikukaa kitini siku hizo. Nilifagia ofisi iliyokuwa imefagiliwa. Nilisogeza meza dirishani, nikaona watu wa barabarani wananitazama, nikairudisha. Nilimgombeza mzee mmoja kwa kubisha hodi kwa nguvu, na alikuwa amebisha kama watu wote. Dada yangu aliyeolewa Naitiri alinipigia simu. "Si uje huku kwetu? Zahanati yetu hutoa hizo dawa Jumatano." Jumatano nilikuwa na kesi ya mpaka. Mwanamume mmoja aliung'oa mkonge wa mpaka na kuingia shamba la mke wa marehemu ndugu yake. Kesi hiyo nilikuwa nimeshaiahirisha kwa ajili ya yale mahindi, na vijana wa pande zote mbili walikuwa wameanza kunoa mapanga. Nikienda Naitiri, damu ingemwagika mbele ya kufuli langu. Nikikosa dawa, ningefuata njia ya yule aliyenitangulia. Niliogopa yote mawili, na usingizi ukanikataa.

Jumanne nikaenda zahanati ya nyumbani. Siku hizi hakuna tena mlango wa pembeni wa watu wa virusi. Homa, chanjo na dawa zetu, vyote ni dirisha moja. Benchi zilikuwa zimejaa. Waliponiona wakasimama.

"Chifu, pita mbele. Chifu hapangi laini."

Muuguzi akafungua mlango mwenyewe. "Karibu ndani, chifu. Tunajua wamelalamika juu ya dawa ya malaria."

Kumbe walidhani nimekuja kukagua. Mguu wangu mmoja ulishavuka kizingiti. Ningeingia, nifunge mlango, nipewe zangu kimya kimya, nitoke nimekunja uso kama mkaguzi. Halafu nikafikiria safari ijayo, na ile ya baada yake. Chifu gani hukagua zahanati maisha yake yote? Hilo lingekuwa shamba lingine la kukodi, nami nilikuwa nimechoka kulima.

Nikarudisha mguu. "Sikuja kukagua. Nimekuja kuchukua dawa zangu. Za virusi."

Mtoto alilia, akanyamazishwa. Kisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa wa kwanza dirishani, akaniangalia juu mpaka chini.

"Kama ni dawa, chifu, laini inaanzia kule nyuma. Sisi tumetoka nyumbani na giza."

Mtu akacheka, na mwingine. Wakakaa tena kwenye benchi zao. Nikaenda nyuma.

Na huko nyuma kabisa, mbele yangu tu, nani alikuwa amekaa na kikohozi chake? Yule mng'oa mkonge. Mdomo wake ni redio, na nilijua kabla ya jua kuzama Bumula nzima ingekuwa na habari. Alisogea kidogo, nikakaa. Nilingoja aniambie kwamba mtu wa virusi hawezi kumhukumu. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu siku ya kiapo.

Alikohoa mpaka akamaliza. "Chifu, ile kesi yangu. Bado ni kesho?"

"Bado ni kesho."

"Na utakuwepo? Ama utaenda mahindi?"

"Nitakuwepo," nikamwambia. "Na ule mkonge ulioung'oa, uje nao."

"Sawa, chifu," akasema, na laini ikasonga.