Hodi Kwenye Nyumba Tupu

Mama anayetembeza wageni katika ule mji wa kale kando ya mto haingii nyumba tupu bila hodi. Hugonga kwa vifundo vya vidole, huvua ndala, husubiri kidogo, ndipo hupita. Wikendi moja alifika mzee mfiwa, aliyeletwa na wanawe abadili hewa; njia nzima garini walimsihi aache kumwamkia marehemu mkewe kila asubuhi. Mama alipogonga nyumba ya kwanza, mwana mkubwa wa mzee akacheka, "Mama, unamgongea nani? Wenyewe si walishakufa?"

Yule mama hata hakugeuka. "Wamekufa, hawajahama. Vua viatu."

Mzee akawa keshainama, anafungua kamba zake. "Umesikia, mwanangu? Vua. Na kesho nitamwamkia mama yako, tena mtaa mzima usikie."