Nyasi Alizolalia Mama

Leo wamefyeka kando ya barabara hapa Kibeta, na harufu ya nyasi mbichi imeingia mpaka jikoni. Nimeacha kumenya ndizi.

Kwetu Kamachumu sakafu ilitandikwa nyasi. Mama aliugua akiwa amezilalia, akafia hapo hapo karibu na nguzo. Waombolezaji walilala kila mahali isipokuwa hapo. Walipoondoka, shangazi, dada yake baba, akaja na mzigo wa nyasi mpya.

"Toa hizo za zamani, peleka mgombani."

"Za pale kwenye nguzo niachie, shangazi." Palikuwa bado pamebonyea.

"Mama yako hayumo humo. Zimeoza. Unataka viroboto wakumalize na wewe?"

Nikatoa. Nilianzia mbali, nikaenda nikiikaribia nguzo, mpaka ikabaki sehemu ile tu. Shangazi akainama, akazikusanya mwenyewe. Alipofika mlangoni akasimama. Msibani hakulia, na watu walimsema. Sasa alisimama tu amezikumbatia, vumbi likimwangukia miguuni.

Nikamsubiri. Mwisho nikanyoosha mikono.

"Nipe, shangazi. Zimeoza."

Akanipa. Nikazitandaza kwenye mgomba wenye mkungu, kuzunguka shina. Niliporudi alikuwa anatandika mpya, ameanzia pale kwenye nguzo.

Baadaye nilitoa na nyasi alizofia mume wangu, na za watoto wangu wawili.

Haya, ndizi hizi hazijimenyi.