Vitambaa vya Zaina

Sisi tuliokulia Kisangani wakati baiskeli ndiyo ilikuwa teksi, tulijua nyumba yenye mtoto mchanga bila kuuliza mtu. Ulipita mitaa ya Mangobo au Kabondo asubuhi, ukaangalia kamba. Ukiona vitambaa vya pembe nne vimepangwa mstari, ujue humo ndani mtu amezaa, na kama uko na mama yako, atakata kona aingie kupongeza, nawe utakaa nje kumsubiri mpaka njaa ikuume. Leo napita barabara zilezile, kamba zimejaa jeans na jezi za mpira. Watoto bado wanazaliwa, Mungu asifiwe, ila huwezi kujua mpaka mtu akuonyeshe picha kwenye simu.

Mama yangu, Zaina, mtu wa Maniema, alizaa wavulana watano mfululizo, mimi wa kwanza. Binti hakuna. Alikuwa anakaanga mikate ya kuuza, ile midogo ya mafuta kama maandazi, tangu alfajiri, na kwa kuwa Mungu hakumpa msichana wa kumsaidia, alinichukua mimi. Siku ya kwanza alinisukumia beseni kwa mguu, akasema, “Mukono haiko ya mwanaume wala ya mwanamuke. Mukono iko mukono.” Basi, wenzangu wakiwa bado wanakoroma, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nafua mavi ya wadogo zangu. Nasema wazi, maana ndivyo ilivyokuwa, na harufu yake siichukii hadi leo.

Vitambaa vyenyewe havikununuliwa dukani. Mama alichana mashuka yaliyozeeka, mashati ya papa, baba yangu, yaliyokwisha kola, na pagne zake za zamani, vitenge vilivyofuliwa hadi maua yake yakapotea. Kitambaa kipya alikikataa kabisa. Alisema kina ukali, kitamla mtoto mapajani. Unakwangua kwanza kwa kijiti, unasuuza, halafu sabuni ya mafuta ya mawese, unafikicha mpaka maji yatoke meupe. Jumamosi tulivichemsha kwenye sufuria ya peke yake, ambayo hakuna mtu aliyethubutu kuipikia pondu, majani ya muhogo, hata siku ya shida. Mvuke ule, na sabuni ile, na mikate ya mama ikikaangwa pembeni, ndiyo Jumamosi ninayoijua mimi. Siku hizi nikipita mahali mtu anakaanga mikate, nasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu.

Wavulana wa barabara yetu waliniita Mama Mudogo. Nilikasirika, kisha nikazoea. Tatizo kubwa lilikuwa mpira. Mimi nilikuwa golikipa, na golikipa mzuri, mutaniambia nini, lakini jicho moja lilikuwa kwa mshambuliaji na jingine mawinguni. Nyinyi mnaijua mvua ya Kisangani, haipigi hodi. Tone la kwanza likianguka nilikuwa nimeshaondoka golini nakimbilia kamba, na nyuma yangu nasikia timu nzima inalia kwa hasira kwa sababu tumefungwa. Kapteni wetu alikuja siku moja kumlalamikia mama. Mama alimpa mkate wa moto na kitambaa kimoja kibichi akianike. Toka siku hiyo mvua ikianza, kapteni alikuwa wa kwanza kupiga kelele, “Mama Mudogo, vitambaa!”

Lakini kazi ambayo mama hakuniachia kuifanya ovyo ilikuwa ya pasi. Kuna nzi fulani hapa kwetu, watu wa msitu wanamjua, anataga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini au juu ya majani. Mayai huyaoni. Ukimvalisha mtoto, joto la mwili linayaangua, na baada ya siku chache ngozi inatoka vipele, na ndani ya kila kipele kuna funza. Mtoto wa jirani yetu yalimpata. Nilimwona mama akimpaka mawese juu ya vipele, akingoja funza wakose hewa watokeze, akiwabana mmoja mmoja, mtoto analia, mama yake analia. Alipomaliza alinawa, akaniita, akaniwekea mkononi pasi ya makala, ile ya mkaa. “Jua kwanza,” alisema. “Halafu pasi. Mbele na nyuma. Hata kama Askofu anakuja kutembelea, aingoje.”

Watoto walikua, vitambaa vikawa vya kufutia baiskeli, na mimi nikawa mtu wa ofisi, mume wa mtu, papa wa Musafiri. Mama akazeeka. Mwaka wake wa mwisho hakuweza tena kuinuka, na vitambaa vikarudi nyumbani kwetu, safari hii kwa ajili yake. Nilisimama mlangoni na beseni langu. Shangazi zangu walinizuia. Mtoto mwanaume haoni uchi wa mama yake, wala hafui nguo zake za ndani. Hiyo ndiyo desturi. Mlango ukafungwa. Nilikaa barazani miezi yote ile, nikisikia wanavyomgeuza, nikisikia maji kwenye beseni, na wanafua haraka haraka kama watu wenye kazi nyingine. Mimi ambaye mikono yangu aliifundisha yeye. Alipokufa waliniambia alikufa akiwa safi, na nikashukuru. Lakini nilitamani kumfulia mama yangu hata mara moja, na hamu hiyo haikuzikwa naye.

Sasa mwanangu Musafiri ameoa, na mtoto wao wa kwanza amepewa jina la mama yangu. Hapa kwetu ukibeba jina la mtu, wewe ndiye mtu huyo. Kwa hiyo mimi, mzee mwenye mvi, nina mama wa miezi mitano ambaye hana jino. Namsalimia asubuhi, “Mama, umelala vizuri?” naye ananitemea mate, na nyumba nzima inasema mama amemjibu mwanawe.

Mkamwana wangu anaitwa Espérance, binti wa wafanyabiashara wa Butembo, mchapakazi, mwenye aibu nzuri. Kwao mtoto anavaa couche, zile nepi za kutupa, na sisi tulikubali. Vijana wa leo wanamfunga mtoto kwa gundi kama barua na kwenda zao. Lakini joto la mji huu ni joto. Mapaja ya Zaina yaliwaka, yakachubuka, usiku analia, mchana analia. Muuguzi wa kituo cha afya akamwambia Espérance aziache kwa muda, amrudishe mtoto kwenye vitambaa laini mpaka ngozi ipone.

Na hapo ndipo shida ilipoanza, maana aliyejua vitambaa nyumbani alikuwa mimi peke yangu. Mke wangu alikuwa Yangambi kumuuguza dada yake, Musafiri anashinda kazini bandarini. Na mimi ni bokilo. Baba mkwe na mkamwana hawakai mkeka mmoja, hawali sahani moja, na mambo ya mwili hawayataji. Nilimwona kupitia mlango wa jikoni akikunja kitambaa cha mtoto kama leso ya kanisani. Kilianguka kabla hajamaliza kumbeba. Niligeuka nikatazama barabara.

Siku ya tatu nilimwona amevianika chini ya mti wa avoka, mparachichi wetu, matawini, kivulini, ili majirani wasione kwamba binti wa Butembo amerudi kwenye vitambaa. Jioni akavikusanya vingali na unyevu, akachukua kimoja, akamlaza Zaina mkekani. Pasi hakuna. Nikasimama barazani, nikamgeukia mtoto, kwa sababu mtoto ndiye njia tuliyoachiwa.

“Mama yangu Zaina,” nikasema kwa sauti ya kutosha, “ambia mama yako asikuvalishe hicho. Iko na mayai ya nzi. Inapita pasi kwanza, mbele na nyuma.”

Espérance akabaki na kitambaa hewani. Hakunitazama. Akamwambia mtoto, “Zaina, ambia papa, courant hakuna toka jana.” Kweli, umeme ulikuwa umekatika.

“Mama, mwambie iko pasi ya makala chini ya kitanda changu.”

Nilikwenda kuileta mwenyewe. Nikawasha makala, nikaketi mwisho wa baraza, yeye akaketi mwisho mwingine, na mtoto katikati yetu. Nilipiga pasi vyote. Halafu nikachukua mto mdogo wa kiti, nikaufunga kitambaa polepole, pembe juu ya pembe, pini ikitazama pembeni isimchome mtu. Sikumtazama mkamwana wangu wala yeye hakunitazama. Tulitazama mto. Baadaye nilisikia ndani akimfunga Zaina, na safari hii hakikuanguka.

Vitambaa vikahamia juani, kwenye kamba, mbele ya majirani. Ngozi ikaanza kutulia. Lakini kufua alikataa kuniachia. Nilipogusa beseni alishtuka, akasahau hata kupitia kwa mtoto. “Papa, apana. Watu watasema nini? Bokilo anafula mavi?” Nikaliacha. Nilikwishaambiwa hivyo na watu wakubwa kuliko yeye.

Asubuhi moja alikuwa anatwanga pondu, na mimi nilikuwa nimempakata Zaina. Nikaanza kumsimulia, kama ninavyofanya. Nikamwambia habari za mikate, za golini, za sufuria ya Jumamosi. Nikafika kwenye habari ya ule mlango. Nikamwambia, “Mama, nilikuwa nje. Nilisimama na beseni, walinikataza. Usifikiri sikukuja.” Nikamfuta mate kidevuni. Hapo ndipo nikatambua kwamba kinu kilikuwa kimesimama, sijui toka saa ngapi.

Espérance akaingia ndani. Akatoka na beseni lenye vitambaa vya usiku, akaliweka mbele ya miguu yangu, na kipande cha sabuni juu yake. Akamchukua mtoto mapajani mwangu, akamwinamia sikioni.

“Zaina,” alisema, “ambia mutoto yako nguo zako ndiyo hizi. Akufulie.”

Enzi zetu kila nyumba ilikuwa na beseni hili, na watoto tulilikimbia. Siku hizi vitu vya mtoto vinatupwa, wala hakuna anayemfulia mwenzake kitu, na nasikia hayo ndiyo maendeleo. Zaina atapona kabisa, atarudi kwenye couche zake, kisha atatembea, wala hatakumbuka. Siwalaumu. Nilikunja mikono ya shati, nikavuta kigoda. Vilikuwa vitambaa vichache tu, na mama yangu alikuwa ananiangalia kutoka mgongoni mwa Espérance. Nilifua taratibu sana, nisije nikamaliza.