Aliyeifuata Radi

Kwa miaka kumi na tisa Waridi aliifuata radi bila kutoka Kariakoo. Mumewe Hashimu aliuza mabuti ya mvua kwa jumla karibu na Msimbazi, na Waridi, asiyejua kusoma hata jina lake, ndiye aliyeamua mzigo uagizwe lini. Kila mteja wa mbali alimuuliza, "Kwenu radi imeanza?" Ndivyo alivyojua kwamba ngurumo huanza Bukavu mwisho wa Agosti, Oktoba zikashuka Lubumbashi, Novemba zikawa juu ya Zambia, na Machi zikarudi zilikotoka. Meli ya kuleta mzigo ilichukua siku arobaini. Radi ikipiga Bukavu, Waridi alisema agiza, na Hashimu akaagiza.

Kisha Hashimu akamwoa Sabaha, mwenye cheti cha kidato cha nne, akamkalisha kwenye kiti cha Waridi pale kaunta. Waridi akaishia Buguruni, chumba cha kupanga, akipika vitumbua barazani.

Sabaha alisoma kwenye simu kwamba masika ya Dar ni Machi, basi mzigo ukaingia Machi. Wakongo na Wazambia walikuwa wameshanunua kwingine, na watu wa Dar hukanyaga maji kwa kandambili. Mabuti yakajaa mpaka darini.

Agosti hii Hashimu akaja, akasimama mbele ya jiko.

"Mama Seifu, hujambo?" alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Sijambo. Nikufungie vingapi?"

"Acha utani. Tuagize lini?"

"Si unaye msomi? Mwambie afungue simu."

"Mke wangu, usinifanyie hivyo."

"Kumbe bado mkeo! Nirudishie kiti changu, nikwambie."

Hashimu akacheka kidogo. "Kaunta inataka mtu wa kuandika. Njoo stoo, utusaidie kupanga mabuti."

Waridi akamwangalia, kisha akaendelea kugeuza vitumbua. Hashimu akaondoka.

Alikuwa hajavuka barabara simu ya Waridi ilipoita. Leticia, mteja wake wa siku nyingi.

"Mama Waridi, huku Bukavu radi imeanza jana, imeua ng'ombe wawili! Uniwekee mabuti, nataka niwahi Lubumbashi."

Mgongo wa Hashimu ulikuwa bado unaonekana. Waridi angemwita mara moja tu, angesikia.

"Nenda kwa Champaben, duka la mabuti pale kona," alisema Waridi. "Mwambie aagize leo leo."

"Kwa yule Mhindi? Na duka lako?"

"Sina duka, mdogo wangu."

Alipogeukia jiko, vitumbua vilikuwa vimeungua upande mmoja.