Hapana ya Mama Dolkar

Mke wangu Nyiramahirwe alikuwa akitunza wazee katika nyumba moja ya wazee kule Louisville, karibu na mtaa wa Iroquois tulikokaa. Alifariki mwaka jana, 2015. Sasa niko Columbus kwa binti yetu Isaro. Watoto wake wananiuliza bibi yao alikuwa mtu gani. Kiswahili chao ni kidogo. Bon, naandika, mama yao atawasomea.

Shule sikusoma sana. Maneno ya kigeni nayaandika nilivyoyasikia kwake.

Mwaka 2014 walimpa chumba cha kina mama wawili. Wa dirishani alikuwa Mama Hilda. Alitoka Brazil, lakini babu zake walitoka Ujerumani zamani sana na lugha yao wakaibeba. Inaitwa Kihunsrik. Wa mlangoni alikuwa Mama Dolkar, mtu wa Tibet. Alichunga mifugo milimani, akawakimbia Wachina, akawa mkimbizi India, halafu mtoto wake akamleta Amerika. Kiingereza chao kilikuwa kidogo tangu mwanzo, na uzee ukakifuta chote. Kila mmoja alibaki na lugha aliyonyonya nayo.

Ofisi ilijaribu wakalimani wa simu. Kwa Hilda walipata Mjerumani. Alielewa nusu, nusu akakisia. Kwa Dolkar walipata mtu wa Kichina. Dolkar akageukia ukuta.

Mke wangu aliachana na simu. Yeye alikuwa na Kinyamulenge, Kiswahili, Kifuliiru, na Kirundi kidogo cha kambi ya wakimbizi, na hata kimoja hakufundishwa kwenye ubao. Akaanza na vitu. Anainua kikombe: Dolkar anasema chu, Hilda anasema vasa. Maji. Chai ni ja, na kwa mwingine ni tee. Maziwa kwa Dolkar ni oma. Hapo Hilda alicheka sana, maana wajukuu wake walimwita Oma, kwao ndiyo bibi.

Akirudi nyumbani ananiuliza hayo maneno kama mwalimu. Nikikosea, mimi niliyechunga ng'ombe kwetu, ananiambia, "Baba Isaro, ng'ombe wako walikuwa wanakusikia namna gani?"

Aliniambia Kihunsrik kinatembea moja kwa moja, kama mtu anayewahi soko. Kitibeti kinainama kwanza. Kina neno la kula kwako wewe mwenyewe, na neno lingine la kula kwa mtu unayemheshimu. Dolkar alimkaribisha yeye kwa lile la heshima, yeye anayemwogesha. Siku ile alirudi macho mekundu.

Shida ikawa chakula. Dolkar alikonda. Mfanyakazi analeta sahani, anamwuliza kwa ishara kama atakula. Dolkar anaweka mkono mdomoni: migo. Ndiyo kusema, hapana, sihitaji. Sahani inaondoka. Kanuni ya nyumba ilikuwa hiyo, mzee akikataa hashurutishwi. Uzito wake ukashuka mpaka paundi themanini na tatu. Daktari akatoa wiki mbili. Usipopanda, watamtoboa tumbo watie mpira wa kulishia, na atahamishwa nyumba nyingine yenye wauguzi zaidi. Peke yake.

Mtoto wake Norbu alikuwa dereva wa lori, anakaa huku Columbus. Siku akifika na chakula, mama yake anakula. Donc, basi, alifikiri kosa ni la mpishi. Kwenye simu mama alimwambia ameshiba tu.

Siku moja Mama Isaro, mke wangu, alirudi kutoka kazini akasimama mlangoni na koti lake. "Unakumbuka Buffalo?" akaniuliza.

Nilikumbuka. Tulipoletwa Amerika tulifikia Buffalo. Mama mmoja wa kanisa akatualika. Meza imejaa nyama. Akatuuliza kama tunataka. Kwetu milimani, mtu mzima haonyeshi njaa katika nyumba ya watu. Unakataa, mwenyeji anakusihi, unakataa tena kidogo, ndipo unakula. Tukasema hapana. Yule mama akatabasamu vizuri, akafunika nyama. Tulienda kula mkate mkavu nyumbani.

"Ule mama hakatai," aliniambia. "Anangoja wamusihi. Norbu anamusihi bila kujua."

Kesho yake alimkaribisha Dolkar mara tatu. Mara ya tatu alikula nusu sahani. Akamweleza muuguzi mkuu. Muuguzi akamjibu kwamba kuuliza mara tatu ni kushurutisha, asirudie.

Sasa aliyekuwa mle chumbani milo yote, asiyefungwa na kanuni, ni Hilda. Lakini Hilda alikuwa amenuna. Alishampa Dolkar biskuti zilizotoka kwa binti yake, zikakataliwa, naye hakurudia. Kwa watu wake nee ni nee. Ukimwuliza mtu tena, umemwita mwongo.

Migo ni hapana. Nee ni hapana. Ukiziandika kwenye karatasi zinalingana. Uzito wake si mmoja, na mke wangu hakuwa na maneno ya kumweleza Hilda jambo hilo. Akaketi kwenye kitanda cha Dolkar, akajitanda shali la Dolkar, akaonyesha mkebe wa biskuti. Hilda akamnyoshea. Mke wangu akainamisha kichwa: migo. Hilda akarudisha mkebe. Mke wangu akashika tumbo, akalia kama ndama. Hilda akamnyoshea tena. Migo. Mara ya tatu mke wangu akachukua, akala, akalamba vidole.

Hilda akamtazama, kisha akamtazama Dolkar. Alisema mengi. Mke wangu alishika mawili tu, baba na fimbo. Akaelewa: kwao Hilda, mtoto wa kujikatalia hivyo angechapwa.

Halafu Hilda akamgeukia Dolkar na mkebe.

"Ess," akasema. Kula.

"Migo."

"Ess, Dolkar."

"Migo."

"Ess." Hii ya tatu aliisema kama mama aliyechoka. Dolkar akapokea biskuti kwa mikono miwili.

Tangu hapo Hilda alisimamia kila mlo. Sahani ikiletwa, anamwambia mfanyakazi kwa mkono: iache hapo. Anahesabu kwa vidole, moja, mbili, tatu.

Lakini deni la heshima Dolkar hakuliacha. Norbu aliwaletea chupa kubwa ya chai, na Hilda akipiga funda moja tu, Dolkar anajaza kikombe. Hilda anasema nee. Dolkar anaona ni adabu, anajaza tena. Hilda alishinda njia ya chooni. Ikabidi mke wangu afasiri upande wa pili: akamfundisha Hilda kufunika kikombe kwa kiganja, na Dolkar akafundishwa kuwa kiganja hicho ndiyo hapana ya kweli. Ilichukua siku nne. Dolkar aliinua kile kiganja mara mbili ahakikishe.

Wiki mbili zikaisha siku ya Alhamisi. Mke wangu hakula asubuhi ile. Nilimwambia Mungu yupo. Akasema anajua, lakini mizani pia ipo.

Alirudi saa tisa. Nilisikia ufunguo unahangaika mlangoni, nikaenda kumfungulia. Akapita, akakaa kwenye kiti na koti lake.

"Themanini na tisa," akasema.

"Na mpira?"

"Daktari amefuta karatasi yote, ya mpira na ya kuhama. Wanabaki chumba kimoja."

Nilimwuliza muuguzi mkuu alisema nini. Aliniambia muuguzi alimsifu mpishi mpya, eti chakula chake ndicho kilichomnenepesha Dolkar. Akacheka kidogo, kichwa kimeegemea nyuma, na hata chai sijaweka jikoni alikuwa ameshalala. Nikamvua viatu.