Mikono ya Mpole

Katika karakana yetu ya makochi tulimwita Mpole, na jina hilo hatukumpa kwa dhihaka. Nilifanya naye kazi miaka mingi na sikuwahi kumsikia akipaza sauti, hata siku mteja alipomrudishia kochi kwa sababu ya rangi aliyoichagua mwenyewe. Mimi ningemvalisha mteja huyo lile kochi kichwani. Mpole alicheka tu, akang'oa misumari, akaanza upya.

Alikuwa na kifafa. Tulijua, wala hakuficha. Lakini siku ya kwanza kilipomwangusha mbele yetu, kujua hakukutusaidia kitu. Tulimrukia wote. Bonge, seremala wetu, aliyempenda Mpole kama ndugu wa tumbo moja, ndiye aliyemkandamiza zaidi, na Bonge akikukandamiza ujue umekandamizwa. Mitetemeko ilipokwisha, Mpole alifumbua macho lakini hakutuona. Akaanza kupigana. Kadiri tulivyomshika ndivyo alivyozidi kupiga, mpaka Bonge akang'oka jino.

Fahamu zilipomrudia hakukumbuka lolote. Aliona damu kwenye ngumi zake, akaona uso wa Bonge, akajumlisha mwenyewe. Mtaani wakajumlisha zaidi: ana wazimu, ana shetani, siku moja ataua mtu. Kinywa jumba la maneno. Kilichoniuma ni kwamba naye aliyaamini. Aliacha kazi, na nyumbani akaacha kumbeba binti yake mchanga. "Mikono hii siijui," alimwambia mkewe.

Mkewe akaja karakana, macho makavu.

"Mlimshika?" akauliza.

"Tulimshika haswa, shemeji," Bonge akajibu kwa fahari, pengo likionekana.

"Basi hapo ndipo mlipokosea. Akizinduka anakuwa hajajijua bado. Akikuta watu wamemlalia, anaona anauawa. Hata wewe ungepiga. Nesi alinieleza: ondoeni vitu vya kumuumiza, msimtie kitu mdomoni, akitulia mlazeni ubavu, kisha mwacheni arudi mwenyewe. Mimi ameanguka mbele yangu mara ngapi, na hajanigusa hata kwa ukucha."

Bonge akalifunika pengo kwa kiganja. Kesho yake akaenda kwao Mpole, akamrudisha kazini karibu kwa kumburuta.

Kifafa hakikukawia. Kilimwangusha asubuhi moja katikati ya sponji na mbao. Bonge akaondoa nyundo, akaondoa misumari, akamlaza ubavu alipotulia, kisha akakalia mikono yake mwenyewe ili kujizuia. Kumpenda mtu na usimshike, jamani, ni kazi. Baadaye Mpole akainuka, macho hayajui kitu, akazunguka karakana, akaja kusimama mbele ya Bonge. Bonge akasema tu, polepole, "Uko kazini, ndugu yangu. Ni sisi." Mpole akampita, akaketi kwenye kochi lisilo na kitambaa, akasinzia.

Alipoamka alituita tumsogelee mmoja mmoja. Alitukagua nyuso, midomo, mikono.

"Nimemuumiza nani?"

"Hakuna."

"Msinidanganye."

"Kagua tena," Bonge akasema.

Akakagua tena, kisha akalia kama mtoto, na mimi nikajifanya natafuta mkasi.

Jioni nilimsindikiza mpaka kwake. Alipoingia ndani alimkuta mkewe amempakata binti yao; akaketi sakafuni, akaegemeza mgongo ukutani, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mlete," alimwambia mkewe.